Miji Mikuu Minne kwa Mguu Uliovimba

Brosha ya meli ya watalii haidanganyi, inanyamaza tu pale panapouma. Imeandika Oslo, Copenhagen, Helsinki, Stockholm, likizo moja, na mzee mwenye kofia ya ukindu anatabasamu sitahani. Haikuandika kwamba kila mji umepewa saa nane au tisa, na kwamba nusu yake itaishia kwenye foleni, kwenye basi na kwenye kutafuta choo.

Mwenye pasipoti ya kwetu karaha zake huanza mapema zaidi. Miji yote minne ni visa moja ya Schengen, sawa. Ila meli ikiondokea Southampton kuna ya pili, ya Uingereza, na fomu zake.

Oslo angalau ina huruma. Meli hufunga chini ya ngome ya Akershus, unashuka uko mjini. Bure ya kwanza ni paa la jumba la opera la 2008, ambalo watu hulipanda kama kilima. Ni marumaru nyeupe: jua likiwaka huoni kitu, mvua ikinyesha ni sabuni, na kuna vingazi vidogo ambavyo jicho halivioni ila kidole gumba huviona. Bure ya pili ni bustani ya Vigeland, tramu namba 12. Huko kuna nguzo ya jiwe moja yenye watu 121 waliopandana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Chini yake, darajani, kuna katoto ka shaba kenye hasira, kamekunja ngumi kanapiga mguu chini. Mkono wake mmoja unang'aa kwa kushikwashikwa. Mkumbuke.

Copenhagen, uliza kwanza gati. Kutoka Langelinie ni dakika chache kwa miguu hadi kwa sanamu ya nguva mashuhuri. Kutoka Oceankaj, ambako meli nyingi kubwa hufungwa, panda basi, usijifanye shujaa. Na ukifika? Sentimita 125! Nguva wa kwetu, yule mnyama mwenyewe, hufika mita 3 na hana foleni. Huyu kakaa juu ya jiwe tangu 1913, akakatwa kichwa 1964, akatengenezewa kingine, nacho kikakatwa 1998. Mabasi yakishafika unachoona ni visogo na simu zilizoinuliwa, kwa hiyo nenda kabla ya saa tatu asubuhi au msamehe. Na unaporudi nyuma kumpata mwenzako mzima kwenye picha za mjini, usisimame kwenye ule ukanda kati ya barabara na njia ya miguu. Ni wa baiskeli. Mdenishi hupiga kengele mara moja. Ya pili ni ubavu wako.

Pesa nayo ni kizungumkuti. Denmark kroni, Norway kroni, Sweden kroni, na kila moja haitaki kumjua mwenzake; Finland yuro. Usihangaike kubadilisha noti: Stockholm kuna migahawa isiyogusa pesa taslimu kabisa. Beba kadi, hata kwa choo cha kituo cha treni. Maji ya bomba yanywe, jaza chupa. Na usitoke jumba lolote la makumbusho kabla hujaingia msalani, haja uwe nayo au usiwe nayo.

Helsinki, sokoni Kauppatori, kuna supu ya salmoni yenye maziwa na majani ya shibiti (dill), nzuri kweli. Ila ukila nje, kaa chini ya turubai, maana shakwe wa pale hawaombi. Usiwapelekee watoto nyumbani pipi nyeusi iitwayo salmiakki bila kuwaonya: ina chumvi ya amonia, na mtoto atakutazama kama umemlisha betri.

Hapo Helsinki ndipo mtego unapotegwa. Kiangazi saa zake ni sawa na za Nairobi, moja mbele ya Stockholm. Ukifika Stockholm simu inajirudisha nyuma yenyewe. Nahodha akiwa hajarudisha saa ya meli, unajiona umewahi kumbe umechelewa. Kabla ya kushuka, soma saa ya ukutani melini, na saa ya mkononi ifuate hiyo.

Tena "Stockholm" yenyewe! Baadhi ya meli kubwa hutia nanga Nynäshamn, karibu kilomita 60 kusini. Hapo foleni ya boti za kushushia abiria, kisha treni kama saa nzima, kisha tramu namba 7 hadi Djurgården. Umeshuka saa mbili asubuhi, unaingia kwa Vasa, meli ya kale iliyo ndani ya makumbusho, saa tano. Chukua sweta, ndani ni baridi na giza kidogo, kwa ajili ya mbao.

Lakini hapo nanyamaza. Meli ya kivita yenye mizinga 64, ndefu kwenda juu, farumi yake, ule uzito wa chini wa kuituliza, haitoshi. Waliijaribu gatini: watu 30 wakimbie toka ubavu hadi ubavu. Mara ya tatu ikayumba vibaya, wakaambiwa acheni, na ikatolewa hivyohivyo. Tarehe 10 Agosti 1628 ilikwenda kama mita 1,300, upepo ukailaza, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, ikazama. Uchunguzi ukafanywa, hakuna aliyeadhibiwa. Waliiopoa 1961.

Ondoka saa saba na nusu, si dakika moja zaidi. Waliolipia ziara ya meli kwa bei ya kuliza hurudi wakitafuna, kwa sababu basi lao likichelewa meli husubiri. Aliyekwenda mwenyewe kwa treni haimsubiri. Akiachwa, amtafute wakala wa bandari na ajilipie mwenyewe hadi mji unaofuata. Boti ya mwisho ikishang'oka Nynäshamn, wenye aiskrimu sitahani hujipanga kutazama. Kule gatini hakukosi mtu mmoja, mfuko wa salmiakki mkononi, amekunja ngumi, anapiga mguu chini.