"Kichaa Tu"

Jumapili iliyopita nilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, na wageni kutoka bara. Kwenye barabara ya Ndia Kuu akapita bwana mmoja akizungumza peke yake, kanzu imeraruka begani. Kijana aliyekuwa akitutembeza akampungia mkono aondoke, akatwambia, "Msijali, huyo ni kichaa tu." Kisha akarudi kwenye habari za milango ya nakshi.

Hiyo "tu" haijanitoka moyoni.

Miaka kadhaa nyuma nilimtembelea dada yangu huko Virginia, Marekani, akanipeleka Williamsburg, mji uliohifadhiwa tangu ukoloni wa Waingereza. Humo mna hospitali iliyofunguliwa 1773, ya kwanza nchini mle kujengwa kwa wagonjwa wa akili pekee. Iliungua 1885, wakaijenga tena miaka mia baadaye ili watu waone. Nikaona seli: dirisha la vyuma, mnyororo ukutani. Wagonjwa walitolewa damu, wakaharishwa kwa dawa, wakatumbukizwa kwenye maji baridi, na madaktari waliamini wanatibu. Nililia pale. Nilimkumbuka ami yangu, aliyefungwa kamba kitandani chumba cha uani, nasi watoto tukikatazwa kumtaja mbele ya wageni. Bibi alimlisha kwa mkono wake kila siku. Hakuwa mkatili; hakuwa na pa kumpeleka.

Basi kwa nini historia hii haisimuliwi kwetu? Ngomeni Fort Jesus tunatajiwa Wareno na mizinga, na ukibahatika utaambiwa palikuwa gereza, 1895 hadi 1958. Nani anamwambia mgeni kwamba 1910 wakoloni walifungua Nairobi nyumba ya wendawazimu, ndiyo hospitali ya Mathari ya leo? Kwamba J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia, alikuja kumfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo? Tumedharauliwa sote kwa kipimo hicho, kisha nasi tukageuka kuwadharau wagonjwa wetu. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamua vingine, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu.

Haya, mgeni hulipa kuona milango, na vijana wetu wanakula kwa milango hiyo. Sitaki iachwe. Nataka na chumba cha uani kitajwe.

Tulipoagana nilimvuta kijana kando, nikamuuliza yule bwana anaitwa nani. Alilijua jina lake. Ni jirani yao, akasema, ndiye aliyemfundisha kuogelea.

Akanyamaza. Nami sikuwa na la kuongeza.