Mgogo akifika Mirihi, tunamcheka nani?

Vijana wanne wa chuo walinionyesha kwenye simu, pale Nyerere Square, Dodoma, kichekesho walichojirekodi wenyewe. Chombo cha anga kimetua Mirihi, rubani anamwaga hotuba ya kishujaa, na nyuma yake abiria Mgogo, kibuyu mkononi, anaomba maji. Anasema "mbukwa", salamu ya Kigogo, basi. Hana neno jingine hadi mwisho. Nilicheka. Usiku nikajiuliza nilichokuwa nacheka.

Wanaotetea mzaha wa namna hii wana hoja nzito. Dhihaka ya hadithi za kisayansi huzitia chumvi kasoro za hadithi zenyewe, na kubwa kati ya hizo ni nani anapewa kazi gani. Mwaka 1966 Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani, ilimpandisha mwanamke mweusi, Nichelle Nichols, chomboni kama ofisa, kwa jina Uhura, lililotokana na uhuru wetu huuhuu. Hata hivyo, mara nyingi alichofanya ni kupokea ujumbe na kuupitisha kwa nahodha. Galaxy Quest, filamu ya 1999 inayodhihaki hadithi za namna hiyo, ikaichukua tabia hiyo ikaivua nguo: mwanamke wa kikosi kazi yake ni kurudia yale ambayo kompyuta imekwisha kusema. Anayechekwa hapo ni mwandishi aliyemnyima kazi.

Lakini filamu hiyohiyo ilimpa Tony Shalhoub, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, nafasi ya mwigizaji anayejulikana kama Sajenti Chen, jina la Kichina. Ni kijembe kwa Hollywood, iliyozoea kugawia wengine nafasi za Waasia. Sawa, ila mwigizaji wa Kiasia hakuipata hata hiyo.

Sisi tuna kipimo chetu: utani wa makabila. Mtani akikuchamba msibani kwako, nawe zamu yako ipo. Mzaha wa Mgogo ombaomba hauna zamu. Unakuja Dodoma kutoka Dar es Salaam na haurudi. Ndiyo maana naegemea kwa wanaolalamika kwamba mzaha huu unamdhalilisha Mgogo, ingawa kuhesabu nani wa kabila gani yumo chomboni hakunisaidii. Rubani Mgogo asiyechekesha hata kidogo angenichosha zaidi.

Niliporudi kuwaambia, aliyekuwa ameshika simu, mtoto wa Mpwapwa, huku Ugogoni, alitabasamu. Cha kibuyu kakitunga yeye, na anayeigiza abiria ni Mhaya.

"Na ile hotuba ya kijinga ya rubani nimeiandika mimi pia, mzee," akasema. "Mbona hiyo hujaiuliza?"