Sikucheza, Nilitikisa Kichwa Tu

Wadau, najua wengi wenu mmeshaipata kwa shemeji yangu ile habari yangu ya kununua spika. Kaitupa kwenye kundi la familia Jumamosi ile ile jioni, hata viatu sijavua. Jana natoka kanisani, nakutana na jamaa wa Kiboriloni, si ndugu yangu wala nini, ananiambia "pole na besi." Basi acheni niieleze mwenyewe. Na la kwanza kabisa: sikucheza. Nilitikisa kichwa tu.

Mgao wa kikoba ulitoka. Mke wangu akachukua hela ya friji, mimi nikabaki na laki saba ya spika. Amplifaya ninayo, niliachiwa na marehemu baba mdogo. Miezi minne nimesoma mambo ya spika mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna mtihani. Nanyi nimewasumbua humu, sikatai. Ni mimi niliyewaambia kwamba spika ya desibeli 87 (kipimo cha ukali wa sauti) inataka umeme mara mbili ya ile ya desibeli 90 ndipo zilingane sauti. Ni mimi pia niliyewaambia kwamba spika ya inchi 5 msiidai besi nzito, haina kifua hicho. Hiyo ya inchi 5 ishikeni vizuri, itarudi.

Tukaenda na shem duka moja hapa Moshi mjini. Silitaji, maana wenye duka hawana kosa lolote. Mlangoni wameweka sabufa, zile zenye taa za kijani na nyekundu zinazokimbizana, boksi limeandikwa WATI 12,000. Bei, laki na ishirini. Ningepita kimya leo ningekuwa mtu wa heshima zangu. Lakini wapi, nikasimama.

"Shem, njoo uone wanavyoibia watu. Plagi hii fyuzi yake ampea 13. Umeme wetu volti 230. Zidisha. Haifiki hata wati 3,000! Hizo elfu kumi na mbili zinaingilia wapi, dirishani?"

Nikacheka peke yangu. Kijana wa duka akatabasamu kwa adabu. Kulikuwa na mama mmoja anasubiri kutafutiwa rimoti ya king'amuzi, akaniangalia tu.

Ndani kulikuwa na pea mbili juu ya rafu. Moja laki nne na nusu, nyingine laki sita na themanini. Zote inchi 5. Nikaomba kigoda. Nikapima kwa hatua ili mimi na spika mbili tufanye pembetatu, nikasogeza kigoda mara tatu, nikainama kidogo twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio. Halafu nikaomba feni izimwe, eti inachafua sauti. Mwezi wa pili, Moshi, saa nane mchana. Yule mama akaanza kujipepea na boksi la rimoti.

Kijana akaweka rumba moja ya zamani ninayoijua kila nyuzi inapoguswa, kwenye simu ya duka. Pea ya bei ndogo ikaimba. Nikafumba macho. Nikasikiliza dakika nzima, nikasema, "Kavu. Haina hewa. Weka zile nyingine."

Sikufumbua macho. Wataalamu hawafumbui, nimesoma. Macho yakiona bei, masikio yanafuata bei. Nikasikia amplifaya inazimwa, muziki ukakatika, waya zikachakarishwa. Halafu muziki ukarudi.

Ndugu zangu. Besi ikaja mpaka kwenye kigoda. Kioo cha kabati kikaanza kutetema. Nikajikuta kichwa kinakwenda chenyewe, KICHWA, shem kama unasoma, kichwa.

"Umeona sasa?" nikamwambia shem, macho nimefumba. "Hii ndiyo tofauti. Huyu wa solo yuko hapa," nikanyoosha mkono kushoto. "Wa besi kakaa hapa. Mpiga ngoma kule nyuma, kama hatua tatu hivi, ndani ya ukuta."

"Kaka," akasema kijana.

Nikamwinulia kiganja. "Ngoja kwanza."

"Kaka, samahani..."

"Ngoja bwana, waimbaji ndio wanaingia!"

Nikasikia shem anakohoa. Shem hana kifua. Ningejiuliza hapo. Badala yake nikaendelea kueleza, nakumbuka kila neno, kwamba laki mbili na ushee zilizozidi hazionekani kwa macho, zinasikika, na kwamba kuna watu watakufa hawajawahi kusikia spika. Nadhani nilimgeukia yule mama niliposema hivyo.

Kisha nikanyoosha mkono niguse koni ya spika, nisikie inavyopumua. Nikaweka kiganja. Imetulia kama maji ya mtungini. Nikabonyeza kidogo. Kimya. Nikahamia ya pili. Nayo imelala. Na muziki unapiga, kigoda kinatetema. Nikasogeza sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika. Hakuna kitu humo, wadau. Hata mchakacho wa panya.

Nikafumbua macho. Nikachungulia nyuma ya spika. Tundu nyekundu tupu. Tundu nyeusi tupu. Waya bado ziko mkononi kwa kijana, anazimenya ncha kwa meno.

"Kaka, hizo bado sijaziunga," akasema taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba. "Nilizima amplifaya kwanza. Wimbo nikauhamishia kwenye sabufa ya mlangoni, pasipoe."

Sabufa ya mlangoni. Nyuma yangu. Nikageuka, taa za kijani na nyekundu zinakimbizana.

Yule mama ndiye aliyenimaliza, na hakuwa na nia mbaya. "Na mimi baba nilikuwa nashangaa," akasema, "mbona linaloimba umelipa mgongo?"

Shem alitoka nje. Nilimwona kupitia kioo kakaa kwenye ukingo wa barabara, kashika tumbo.

Mengine hayana maana. Ziliungwa, nikazisikiliza nusu dakika nimekodoa macho, nikasema funga. Nikalipa laki sita na themanini bila kuomba kupunguziwa hata mia. Mimi, mtu wa Machame! Tukarudi na bajaji, shem kabeba boksi anatikisika njia nzima. Mama mkwe alipiga simu jana, akamuuliza binti yake, "Wati hajambo?"

Na spika ni nzuri, nawaambia kweli. Sauti ya mwimbaji inakaa katikati pale, wazi kabisa, unamsikia mpaka anavyovuta pumzi. Ila nikilisema hilo nyumbani hakuna anayenijibu. Mwanangu wa miaka sita kazizunguka mara mbili, akachungulia nyuma, akaniuliza taa zake ziko wapi.