Lawama za D4D: kuchagua dabo kebini itakayodumu

Ushauri anaopewa karibu kila anayetafuta pikapu ya dabo kebini hapa Tanzania ni mmoja, na hutolewa kwa uhakika usiotaka swali: tafuta Hilux ya zamani yenye injini ya 5L au 3L, gari la chuma lisilo na mambo ya umeme, na uachane na hizi za D4D, yaani dizeli mpya za Toyota zinazoongozwa na kompyuta, ambazo nozeli (vipuliza dizeli kwenye silinda) zikianza kusumbua zitakumalizia mtaji. Ushauri huu haukuzuka hewani. Mafundi wanaoutoa wamezifungua injini hizo kwa mikono yao wenyewe, na wengi wanaoukariri wamewaona ndugu na majirani wakiacha gari gereji mwezi baada ya mwezi wakisubiri spea. Hata hivyo, unazungumzia hali ambayo kwa sehemu kubwa imekwisha kubadilika, na unampeleka mnunuzi wa leo kwenye gari chakavu huku akiamini kwamba amechagua usalama.

Wanaotetea injini ya zamani wapewe haki yao. 5L ni dizeli ya lita tatu isiyo na turbo, na pampu yake ya dizeli huendeshwa na injini yenyewe. Ukishaiwasha, umeme pekee inaouhitaji ili iendelee kuunguruma ni ule wa kushikilia wazi kivalvu kinachoruhusu dizeli ipite. Nozeli zake zinafunguliwa, zinasafishwa, zinapimwa kwa kifaa cha mkono na kurudishwa siku hiyo hiyo, na fundi wa Mpanda au Tunduru hana haja ya kompyuta ili ajue silinda ipi haichomi. Kwa mtu ambaye shamba lake liko mbali na lami, na ambaye masika yakishika hatapitiwa na gari jingine kwa siku mbili, hoja hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu sensa moja ikigoma kwenye D4D gari linaweza kupoteza nguvu au kuzima kabisa, na hapo hakuna ujuzi wa spana utakaolinusuru. Spea nazo, mpya na za mtumba, zimejaa Gerezani na Ilala, Dar es Salaam, kwa bei ambayo mkulima wa kawaida anaimudu.

Tatizo la hoja hii ni kwamba inawahesabu walionusurika tu. Katika familia hiyo hiyo ya injini za L kulikuwa na 2L-T yenye turbo, ambayo ilijulikana kwa kupasuka silinda hedi pindi joto lilipozidi kidogo, na hakuna anayeitaja leo kwa sababu nyingi zilikwisha kung'olewa au kuuzwa kama vyuma chakavu. Zilizobaki barabarani ni zile ngumu zaidi, au zile zilizobahatika kupata wamiliki waangalifu, nasi tunaziangalia hizo na kuhitimisha kwamba kizazi kizima kilikuwa hivyo.

Kuna na suala la umri. Hilux za kizazi kilichotangulia Vigo, jina tunaloiita Hilux iliyotoka mwaka 2004, zilikoma kutengenezwa katikati ya miaka ya 2000, kwa hiyo hata ile iliyo changa kuliko zote ina takriban miaka ishirini. Japani, ambako tunaagiza sehemu kubwa ya magari yetu ya mtumba, iliacha kuuza Hilux katika soko lake la ndani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017, tena ikiwa imetengenezwa Thailand. Ndiyo maana anayezoea kuagiza magari madogo kutoka Japani hushangaa anapotafuta dabo kebini: anakuta za kale sana, kisha pengo la miaka kumi na zaidi. Anayeambiwa anunue ya zamani, kwa vitendo, anaambiwa anunue gari ambalo limepita mikononi mwa watu wanne au watano, limefanyiwa ovahouli kwa spea zisizojulikana zilikotoka, chesisi yake imeungwa kwa welding mahali fulani, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zake hazimaanishi chochote.

Sasa nirudi kwenye kile ninachoona hakieleweki vizuri, yaani sababu ya D4D kupata jina baya. Injini ya 5L ina ujazo wa cc 2,986, na 1KD, ile D4D iliyofungwa kwenye Vigo, ina cc 2,982. Tofauti ya ujazo ni cc 4 tu, lakini ya kwanza hutoa takriban nguvu 100 za farasi na ya pili zaidi ya 160, na yeyote aliyepanda mlima Kitonga akiwa na mzigo katika magari yote mawili anaijua tofauti hiyo bila kuambiwa. Nguvu hiyo ya ziada inatokana na turbo pamoja na namna dizeli inavyoingizwa. Nozeli ya 5L hufunguka kwenye mgandamizo wa bar 150 hivi, ilhali kwenye D4D mgandamizo huo unapita bar 1,300, na katika injini za sasa umevuka 2,000. Ili kuhimili nguvu hiyo, vyuma vya ndani ya pampu na nozeli vimeoanishwa kwa nafasi ndogo mno, na hakuna oili inayovilainisha isipokuwa dizeli yenyewe inayopita humo.

Tukumbuke basi magari hayo yaliingia nchini wakati gani. Miaka ya mwisho ya 2000 ilikuwa miaka ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, kwa hiyo kila lita ya mafuta ya taa iliyoingizwa kwenye tangi la dizeli ilikuwa faida ya wazi kwa aliyeimimina. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa dizeli. Pampu ya 5L, yenye mgandamizo mdogo na nafasi pana kidogo, iliyavumilia kwa muda mrefu kabla ya kulalamika, lakini pampu ya D4D ilikwanguliwa, chembe za chuma zikasafiri hadi kwenye nozeli, na mwenye gari akaambiwa kwamba gari lake ni bovu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi uchakachuaji ukapoteza faida yake. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kwa maneno mengine, mazingira yaliyoziua nozeli hizo yalidhibitiwa ndani ya miaka mitano hivi, lakini hukumu iliyotolewa ndani ya mazingira hayo haijakatiwa rufaa hadi leo.

Sidai kwamba dizeli yetu yote sasa ni safi. Ile inayouzwa kwenye madumu kandokando ya barabara bado ni kamari, maji huingia kwenye matangi ya vituo vidogo wakati wa mvua, na filta bandia inayouzwa kwa robo ya bei ya filta halisi huacha uchafu upite kana kwamba haipo. Lakini hayo ni mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyadhibiti kwa kuchagua kituo na kwa kutobana bei ya filta, tofauti na mwaka 2009 ambapo hata kituo chenye jina kingeweza kukuuzia mchanganyiko.

Wala D4D haikukosa kasoro yake yenyewe, na hapa watetezi wake, nami nikiwemo, tunapaswa kusema wazi. Chini ya kila nozeli ya 1KD kuna washa, yaani pete ndogo ya shaba, inayozuia moto wa silinda usipande juu. Washa hiyo ikichoka, gesi chafu hupenya na kuingia chini ya kifuniko cha valvu, inachanganyika na oili, na masizi yanaganda kama lami kabla ya kuteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Huko chini kuna chujio la wavu ambalo pampu ya oili huvuta kupitia kwake. Wavu ukiziba, injini inanyimwa oili, na taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi mara nyingi vyuma vimekwisha kusagika. Gari halikutoa moshi kwenye ekzosi wala kukosa nguvu, na linakufa likiwa limesheheni katikati ya safari. Hasara ya injini nzima inaanzia kwenye washa ambayo gharama yake haifikii ya tairi moja.

Kasoro hiyo ni ya kweli, lakini ni ya aina inayotabirika. Dalili zipo kwa anayezitafuta: mlio wa tak-tak injini ikiwa baridi, harufu ya moshi ndani ya kebini, weusi mzito kuzunguka nozeli kifuniko cha valvu kinapofunguliwa. Dawa yake ni kubadilisha washa zote kabla hazijachoka na kushusha sampu mara moja kuangalia wavu. Ninachokiona kibaya zaidi ni desturi ya gereji nyingi ya kung'oa nozeli, kuzisafisha na kuzirudisha juu ya washa zile zile zilizokwisha kubanwa, kwa sababu mteja hakuambiwa anunue washa mpya za shaba. Baada ya miezi michache injini inakufa, na lawama inakwenda kwa “umeme”.

Kuna kipimo kingine cha uimara ambacho mabishano ya injini hukifunika kabisa, nacho ni mzigo. Dabo kebini si pikapu ya kebini moja iliyoongezewa viti. Bodi yake ya nyuma ina urefu wa mita moja na nusu hivi, ilhali ya kebini moja inapita mita mbili, na sehemu kubwa ya bodi hiyo fupi imekaa juu ya ekseli au nyuma yake. Uwezo wake wa kubeba, kutegemea toleo, ni takriban tani moja, na ndani ya hesabu hiyo wamo dereva na abiria. Simtanki la lita 1,000 likijazwa maji ni tani kamili kabla mtu yeyote hajapanda. Ukilipakia, ukakaza watu watano ndani na kupita barabara ya makorongo, utakuta baada ya misimu michache chesisi imepinda nyuma ya kebini na mlango wa nyuma haufungi sawasawa, iwe gari ni ya 5L au ya D4D. Anayehitaji kubeba tani moja kila siku anunue kebini moja, au lori dogo, na mjadala wote huu haumhusu.

Kuhusu majina mengine nitakwenda haraka. Isuzu D-Max, ambayo huunganishwa Nairobi, inastahili kuangaliwa zaidi ya inavyoangaliwa huku kwetu. Injini yake ya lita tatu, 4JJ1, hutumia cheni badala ya taiming belti na ina sifa nzuri ya kudumu, ingawa spea zake ukishatoka miji mikubwa hazipatikani kwa wepesi wa zile za Hilux. Ford Ranger ya 3.2 ina nguvu na utulivu ambao Vigo haina, lakini ina tabia moja ambayo fundi asiyeijua ataiharibu nayo: oili ikimwagwa na sampu ikaachwa wazi kwa muda mrefu, pampu ya oili inaweza kushindwa kuvuta tena injini inapowashwa. Fundi wetu aliyezoea kufungua nati, kuacha oili ichuruzike na kwenda kula chakula cha mchana anaiua injini hiyo kwa nia njema. Na pikapu yoyote iliyotoka Uingereza, ya jina lolote, ikaguliwe uvunguni kwanza, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula chesisi kuanzia ndani, na rangi nyeusi mbichi iliyopuliziwa chini ni sababu ya kuuliza zaidi. Wenzetu wa Kenya, ambao sheria yao hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka minane, hawawezi tena kuagiza Vigo yoyote, kwa hiyo kwao swali linabaki kuwa ni la magari yaliyokwisha kutumika humo humo nchini.

Kwa msimamo wangu, anayeishi mahali ambapo ndani ya nusu siku anafika kwenye mji wenye fundi wa pampu na mashine ya kupimia, ambao ndio walio wengi miongoni mwa wanunuzi wa dabo kebini, atapata gari la kuaminika zaidi katika Vigo ya kati ya 2009 na 2015 yenye historia inayojulikana kuliko katika 5L ya miaka ishirini na tano yenye sifa za kurithi. Aliye mbali kweli kweli, asiye na mtandao wala fundi wa pampu, aendelee na 5L, ila alipe zaidi kwa ile ambayo chesisi yake haijaguswa na welding, na asidanganywe na injini iliyooshwa iking'aa.

Na kwa mnunuzi wa D4D, fedha za washa, filta halisi, taiming belti na kushusha sampu zitolewe kwenye bei ya gari kabla ya makubaliano. Muuzaji aliyekwisha kuyafanya hayo ana risiti, na bei yake ya juu ni halali. Asiyekuwa nazo aombwe ruhusa ya kufungua kifuniko cha valvu pale pale, kazi ya saa moja au mbili kwa fundi mzoefu. Akikataa, bei iliyopunguzwa kwa milioni mbili haitoshi.