Kapu la mama na troli la Leicester

Mama yangu alipokuwa akienda soko la Mgandini, pale Tanga, alibeba vitu viwili: kapu la ukili, na fedha aliyoifunga kwenye pembe ya kanga. Kapu likijaa, amemaliza. Fundo likibaki tupu, amemaliza pia, hata kama kapu bado lina nafasi. Sikumbuki siku aliyorudi nyumbani akauliza fedha imekwenda wapi. Mimi hapa Leicester, Uingereza, nimeuliza swali hilo miaka mitatu mfululizo, tena risiti ninayo mkononi.

Jioni moja ya Novemba nilitoka kazini nikapitia supamaketi kuchukua maziwa na mkate. Nilitoka na mifuko mitatu, na pauni 38 zimeondoka kwenye kadi. Ndani mlikuwa na vikombe 12 vya mtindi, kwa sababu ukichukua pakiti mbili ya tatu ni bure. Mlikuwa na jibini ambayo wanangu hawaili, na mishumaa ya harufu ambayo sikuwa nimeiwazia kabla ya kuiona. Wiki iliyofuata nilitupa vikombe saba vya mtindi. Mwezi huohuo mama alikuwa ameniomba fedha ya mabati mawili ya jikoni, maana mvua za vuli zilikuwa zinamwingilia hadi mekoni, nami nikamjibu avumilie mpaka mwisho wa mwezi. Niliposimama mbele ya pipa la taka na ule mtindi, nilijua nimeyatupa mabati ya mama.

Ndiyo maana naandika. Sisi tulio nje tunalalamika kuwa maisha ni ghali, na ni kweli. Kodi ya nyumba, umeme na nauli hupangiwa na wengine. Lakini chakula unakichukua kwa mkono wako mwenyewe, na kwangu hapo ndipo fedha ilipokuwa ikivuja. Tofauti kubwa ninayoiona kati ya soko la nyumbani na supamaketi ya huku ni hii: Mgandini unajua kuna mtu anayekuuzia. Huku unadhani umejichukulia tu.

Sisemi wauzaji wa nyumbani hawana ujanja. Muuza nyanya anapanga fungu, nyekundu nzuri zinakaa juu, zilizobonyea zinakaa chini. Anakuita "mteja wangu" siku ya kwanza kukuona. Lakini unamwona usoni. Unaigeuza nyanya, unataja bei yako, unaondoka hatua tatu, anakuita urudi, na ukishalipa unadai nyongeza, naye anakutupia pilipili mbili. Yote yanafanyika hadharani, na mtoto wa miaka kumi aliyetumwa sokoni anayajifunza. Supamaketi iko kimya. Hakuna anayekuita, hakuna anayekusifu, kwa hiyo hujiandai kubishana. Kumbe duka limeshabishana nawe kabla hujaingia, na limeshinda kwa namna lilivyopangwa.

Mpangilio huu una historia. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita, hata Marekani watu walinunua vyakula kama tunavyonunua kwa Mangi, mwenye duka la mtaani: unasimama upande wa pili wa kaunta, unataja unachotaka, muuzaji anakupa. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, ambamo mteja anaingia mlango mmoja, anapita mbele ya bidhaa zote huku akijichukulia, kisha anamfikia keshia. Mwaka 1917 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mpangilio ule. Ukitaja unachotaka kwa Mangi, unanunua ulichokuja nacho kichwani. Ukipitishwa mbele ya kila kitu, unanunua na ulichokiona.

Halafu kuna troli. Mwaka 1937 Sylvan Goldman, mwenye maduka Oklahoma, aliona kwamba wateja wanaacha kununua kikapu chao kikishakuwa kizito. Basi akatengeneza kikapu chenye magurudumu. Watu walikikataa mwanzoni, hadi akaajiri wengine wajifanye wateja na kuzunguka nacho dukani. Niliposoma habari hii nilimwona mama waziwazi, na lile kapu lake likimkata mkono. Uzito ule ndio uliokuwa ukimwambia inatosha. Troli iliondoa sauti hiyo, na matroli ya siku hizi ni mapana kiasi kwamba vitu vya pauni 30 vinaonekana kama hujanunua kitu.

Ukishajua hayo, ingia tena dukani ukiwa umefumbua macho. Matunda na mboga viko mlangoni, vinang'aa, unaanza safari ukijiona umefanya jambo jema, na baada ya hapo unajiruhusu mengine. Maziwa yako mwisho kabisa. Wenye maduka husema ni kwa sababu ya majokofu na magari yanayoshusha mzigo kwa nyuma, na huenda ni kweli kwa sehemu, lakini matokeo ni kwamba kwa chupa moja ya maziwa unalivuka duka zima kwenda na kurudi. Bidhaa ambazo duka linataka zitoke haraka zimekaa usawa wa macho. Za bei nafuu ziko chini, uiname. Nafaka za asubuhi zenye sukari na picha za katuni ziko usawa wa macho ya mtoto aliyesimama, jambo ambalo mzazi yeyote anaweza kulihakikisha kwa kuchuchumaa.

Hata muziki una kazi yake. Mwaka 1982 mtafiti Ronald Milliman alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya ndani ya supamaketi: siku za muziki wa polepole watu walitembea taratibu zaidi, na mauzo yalikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko siku za muziki wa haraka. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, mji wangu huu, walionyesha kwamba ukipigwa muziki wa Kifaransa mvinyo wa Ufaransa unauzika zaidi, na ukipigwa wa Kijerumani unauzika wa Ujerumani. Wanunuzi wengi walikana kwamba muziki ulihusika na uchaguzi wao.

Serikali yenyewe imekubali kwamba mahali kitu kinapowekwa kuna nguvu. Tangu Oktoba 2022, maduka makubwa ya England hayaruhusiwi kuweka vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi mlangoni, kwenye ncha za shelfu wala karibu na keshia. Oktoba 2025 ikafuata marufuku ya ofa za "nunua moja upate ya pili bure" kwa vyakula hivyo. Nimefurahi, maana safari ya kwenda kwa keshia na watoto wangu ilikuwa vita. Lakini ofa za vitu vingine bado zipo, na kadi za pointi ambazo maduka huwapa wateja wao zimeshika nafasi.

Kadi hizi nizizungumze kwa haki. Mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza ilichunguza bidhaa takriban 50,000 zenye bei ya wenye kadi, na mwishoni mwa 2024 ikasema asilimia 92 zilikuwa na punguzo la kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya duka lilelile. Kwa hiyo anayekwambia ni utapeli mtupu anakosea. Mimi kadi ninayo. Hata hivyo mamlaka hiyohiyo ilisema kwamba bei ya kadi si lazima iwe ya chini kuliko maduka mengine, nami naongeza langu: punguzo la kitu usichokihitaji bado ni matumizi. Ule mtindi wangu ulikuwa na punguzo la kweli kabisa.

Silaha kubwa niliyoipata ni maandishi madogo chini ya bei, yanayotaja bei kwa kilo, kwa lita au kwa gramu 100. Sheria inayataka yawepo. Pakiti mbili zinaweza kufanana kwa umbo, moja ina gramu 400 na nyingine 360. Ndivyo ilivyokuwa kwa Toblerone hapa Uingereza mwaka 2016: vipande virefu vya chokoleti vikapunguzwa gramu kwa kuachanisha vilele vyake, boksi likabaki na sura yake. Ukisoma bei kwa kilo huyumbishwi na sura. Angalia tu vipimo vilingane, kwa sababu mara nyingine vitunguu vya pakiti vimeandikiwa bei ya kilo na vile vya mmojammoja vimeandikiwa bei ya kimoja. Na usidhani pakiti kubwa daima ndiyo nafuu. Nimeshakuta ndogo mbili zikiishinda kubwa moja.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi tukiwa nje, kwa kukumbuka nyumbani, tunalipitia haraka. Nyumbani nako kuna kulipa zaidi bila kuona. Mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni ya unga ya kipakiti: ukizidisha mpaka ifike kilo au lita, mara nyingi unamlipa Mangi zaidi ya aliyenunua dumu zima. Wakenya wana neno lake, kadogo. Mwenye kipato cha siku hana njia nyingine, na simlaumu. Tena Mangi ana daftari. Mama alichukua unga kwa Mangi wa Barabara ya Kumi na Mbili mara nyingi tu, akalipa Ijumaa. Hapa hakuna keshia atakayekusubiri mpaka Ijumaa.

Aliyenifungua macho zaidi ni mama mmoja wa Kihindi mwenye duka upande wa Belgrave. Alizaliwa Jinja, akaondoka Uganda na wazazi wake mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza, na Kiswahili chake hakijamtoka. Namwita Masi. Aliniona na mfuko wa supamaketi, juu yake kichupa cha bizari nyembamba, akakishika. "Mtoto, hii kidogo hii umenunua ngapi?" Nikamtajia. Akanionyesha mfuko wake wa karibu mara kumi ya ukubwa ule; bei haikufika mara mbili. Tangu siku hiyo bizari, iliki, dengu na gunia la mchele nanunua kwake, na muhogo pia, ambao huku wanauita mogo, neno walilolibeba kutoka kwetu. Hata ndani ya supamaketi kuna hili: nenda kwenye shelfu za vyakula vya mataifa ya nje, utakuta viungo vilevile kwa bei ya chini kuliko kwenye vichupa vya shelfu za viungo.

Mboga na matunda nanunua soko la mjini, lenye historia ya zaidi ya miaka 700, ambako wauzaji wanayapanga kwenye mabakuli na kunadi bei ya bakuli. Ni fungu hilo. Nayageuza ya chini kama nilivyofundishwa.

Supamaketi bado naenda, ila kwa masharti. Kwanza nafungua friji na kabati, naandika kinachokosekana. Nakwenda nimekula. Nachukua kikapu cha mkono, siyo troli, isipokuwa siku ya unga na sabuni, na kikinielemea naelekea kwa keshia. Nabeba noti, pauni 50 za wiki, kadi ya benki naiacha nyumbani. Noti ikitoka mkononi unaisikia, kadi huisikii. Nainama shelfu za chini na kuchukua bidhaa za chapa ya duka lenyewe, hasa chumvi, sukari, maharage ya kopo na tambi, ambazo sijaona tofauti yake ya maana. Chai sijaweza, hiyo nakiri nanunua ninayoipenda. Maduka ya bei nafuu ya Aldi na Lidl yalipoingia nchi hii miaka ya tisini watu waliyadharau; nenda ukalinganishe kilo kwa kilo. Jioni pita kwenye kona ya stika za njano, vitu vinavyoisha muda, ila chukua utakachokipika usiku huo au kukigandisha. Palipoandikwa "use by" pahofie, ni usalama wa chakula. Palipoandikwa "best before" ni ubora tu, na wengi wanatupa mchele mzima kwa kuchanganya maneno hayo.

Kutupa ndiko kunakoniuma zaidi. Shirika la WRAP, linalopambana na upotevu wa chakula, linakadiria kwamba familia ya watu wanne Uingereza inatupa chakula cha kulika chenye thamani ya karibu pauni 1,000 kwa mwaka. Piga hesabu hiyo kwa shilingi, kisha ufikirie mtu aliyekupigia simu wiki iliyopita kuomba ada.

Rafiki yangu wa Dar aliniambia hivi karibuni kwamba siku hizi hanunui gengeni, anakwenda supamaketi, kuna usafi na bei imeandikwa. Ni kweli, na bei iliyoandikwa ni heshima kwa mnunuzi. Haimtazami mtu mavazi kabla ya kutajwa. Nilimwomba jambo moja tu, asiache swali la sokoni: hii ni kilo ngapi, na kilo moja ni bei gani?

Matumizi yangu ya chakula yameshuka kutoka karibu pauni 85 kwa wiki hadi 50, mimi na wanangu wawili, na hatujalala njaa. Mama amebadilishiwa mabati ya jikoni Machi iliyopita, kabla ya masika. Yote kumi na manne.