Uji wa dubu mama ulipoaje?

"Mjomba, hapa wamekosea."

Mpwa wangu ana miaka minane, na kidole chake kilikuwa juu ya picha ya mabakuli matatu. Hadithi yenyewe ni ile ya Goldilocks, msichana anayejiingiza nyumbani kwa dubu watatu wakati wenyewe wametoka. Uji wa dubu baba ni wa moto mno, wa dubu mama umepoa mno, wa dubu mtoto uko sawasawa. Nimeisoma mara nyingi hata naweza kuisimulia huku nasinzia. Yeye anauliza: ikiwa uji wote umepakuliwa pamoja, bakuli dogo si ndilo lingepoa kwanza? Imekuwaje la kati likawa baridi kuliko yote?

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kusema kwamba ni hadithi tu, akanitazama kama mtu anayetazama fundi aliyeshindwa kazi.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja kuhusu vitabu vinavyosimulia upya ngano za zamani kwa kuchekesha, vile wanavyoandikiwa watoto wa shule ya msingi. Kichekesho kinachofaa ni kile kinachoanzia kwenye swali kama la mpwa wangu. Kikianzia kwingine, mara nyingi hakimchekeshi mtu, au kinamchekesha asiyehusika.

Na maswali yapo tele, maana ngano zina mianya kila mahali. Saa sita usiku gari la Cinderella, yule msichana anayetumikishwa na mama wa kambo kisha anapambwa kwa uchawi aende dansini kwa mfalme, linarudi kuwa boga, farasi wanarudi kuwa panya, gauni linageuka matambara, lakini kiatu alichokiangusha, ambacho kitatumiwa kumtafuta, kinabaki kiatu. Kwa nini? Na ufalme mzima hauna msichana mwingine mwenye mguu wa kipimo hicho? Mtoto wa mfalme kacheza naye muda wote ule, uso haukumbuki, anakumbuka kiatu! Kofia Nyekundu, msichana anayekwenda kumtembelea bibi yake, naye anamkuta mbwa mwitu kitandani kwa bibi, anayataja masikio, macho na mdomo, kimoja baada ya kingine, na bado hajashtuka. Mtoto wa miaka mitano hupita juu ya hayo yote bila kujikwaa. Wa miaka minane au tisa ameanza kujikwaa, na kujikwaa kwenyewe kunampa raha, kwa sababu amemnasa mtu mzima akidanganya. Mwandishi mcheshi inafaa amngojee hapo hapo.

Wapo wanaonung'unika kwamba kuzitania ngano ni kuziharibu, hadithi asilia iachwe kama ilivyo. Mimi huuliza: asilia ipi? Mshairi Mwingereza Robert Southey alipoichapisha hadithi ya dubu watatu mwaka 1837, hakukuwa na Goldilocks wala dubu mama. Walikuwa dubu watatu tu wa ukubwa tofauti, wanakaa nyumba moja, na mdokozi wa uji alikuwa bibi kizee mwenye mdomo mchafu. Msichana aliingizwa baadaye na mkono mwingine. Kofia Nyekundu wa Mfaransa Charles Perrault, wa mwaka 1697, analiwa na hadithi inakomea hapo, pamoja na ushairi mfupi wa kuwaonya wasichana. Kwa Ndugu Grimm, Wajerumani waliokusanya ngano na kutoa juzuu yao ya kwanza mwaka 1812, mwindaji anampasua mbwa mwitu tumbo kwa mkasi. Kwao hao hao, binti mfalme hambusu chura hata kidogo, anambamiza ukutani, na ni kwa kubamizwa huko chura anageuka kijana mzuri. (Hii niliwahi kuwasimulia watoto ilivyo, bila kuongeza chumvi, na hakuna kichekesho nilichokibuni mwenyewe kilichowahi kuishinda.) Nao Grimm hawakutulia. Waliendelea kurekebisha, kufuta na kulainisha, toleo baada ya toleo, hadi la mwaka 1857. Ngano ni kama nguo ya kurithi. Kila aliyeivaa kaipunguza mahali.

Lakini wanung'unikaji wana hoja moja ambayo mimi nilijifunza kwa aibu. Niliwahi kualikwa kuwasomea watoto wa darasa la tatu kisa nilichokiandika mwenyewe, kuhusu mjumbe wa mfalme anayezunguka na kiatu cha kioo kutwa nzima. Mjumbe yule anachoka kunusa miguu ya watu. Anafika nyumba ya mia mbili, anaanza kusema "kinakutosha" kwa yeyote yule ili arudi kwake akalale. Nilikipenda kisa hicho kuliko nilivyopaswa. Nikasoma ukurasa wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, mvulana wa mbele akanyoosha mkono na kuuliza kwa adabu, "Samahani mwalimu, kwani huyo Cinderella ni nani?"

Waliomjua walikuwa wanne. Aliyekuwa akicheka ni mwalimu wao, amekaa nyuma, na kicheko chake ndicho kilichonidanganya muda wote nikadhani mambo yanakwenda. Mzaha juu ya hadithi isiyojulikana ni sawa na kumwigiza mtu mbele ya watu wasiowahi kumwona: wewe unajikunja, wao wanashangaa una nini. Siku hizi nasimulia kwanza ile ya kawaida, kavu, dakika kumi, bila kukonyeza jicho. Kisha ndiyo naivuruga. Wazazi wanaonunua kitabu cha mzaha kwa sababu ile ya zamani "imepitwa na wakati" wananunua kijembe bila kumjua anayepigwa.

Kicheko cha mwalimu yule kinanileta kwenye ugonjwa ninaouona zaidi katika vitabu hivi, nao ni kuandika juu ya kichwa cha mtoto. Mwandishi anatia utani kuhusu kodi, kuhusu talaka, kuhusu mkopo wa nyumba ya matofali ya nguruwe wa tatu (yule ambaye nyumba yake mbwa mwitu anaipuliza haianguki), ili mzazi anayesoma kwa sauti atabasamu na kuona fedha yake haikupotea bure. Mtoto anasubiri zamu yake, na haifiki. Ugonjwa wa pili, rahisi zaidi kuutambua, ni wa kumpa Cinderella simu ya mkononi na kudhani kazi imekwisha. Simu si kichekesho. Kama anayo, basi nijibu: mbona hakumpigia mtoto wa mfalme kesho yake asubuhi? Betri iliisha? Simu nayo iligeuka boga saa sita? Ukijibu, umeanza kuandika. Usipojibu, umebadilisha mapambo tu.

Halafu kuna suala la mbwa mwitu. Mwaka 1989 Jon Scieszka, Mmarekani, alitoa kitabu ambamo mbwa mwitu mwenyewe anaeleza upande wake wa kesi ya nguruwe watatu: alikwenda kuomba sukari ya keki ya bibi yake, alikuwa na mafua, akapiga chafya, nyumba ikaanguka, basi. Kitabu kile ni hodari kwa sababu mtoto anasoma huku mbwa mwitu amemfunga kamba, na anajua amefungwa kamba. Anasikia maneno "si kosa langu" na anayatambua, kwa kuwa juzi ameyasema yeye mwenyewe mbele ya kikombe kilichovunjika. Waliofuata nyayo wakachukua ganda wakaacha kiini. Sasa kila zimwi ni jema ila halikueleweka, kila mchawi alionewa utotoni, kila joka linataka rafiki. Mbwa mwitu akiwa kweli hana hatia, utani umekufa na kilichobaki ni ushauri nasaha. Mimi namtaka mbwa mwitu mwongo mwenye mate mdomoni.

Kwa Kiswahili tuna hazina ambayo karibu haijaguswa. Vitabu vya aina hii nilivyovishika vya lugha yetu vingi ni tafsiri, na utani wa maneno uliochekesha kwa Kiingereza unafika kwetu umeshakauka kama mkaa. Wakati sisi tuna ngeli! Jitu, lile linaloishi mawinguni juu ya mharagwe wa Jack, ni mtu aliyekuzwa kwa kiambishi, na ukilibana kidogo linarudi kuwa mtu, ukilibana zaidi linakuwa kijitu. Niliwaandikia watoto kipande hiki:

Jitu liliingia ndani likinguruma, likapiga meza, likataka chakula. Mkewe akalitazama miguu. "Umefuta matope?" Mtu akakohoa, akaangalia sakafu. "Na maji niliyokuagiza je?" Kijitu kikachukua ndoo, kikatoka, kikafunga mlango polepole.

Hakuna mahali niliposema amepungua. Viambishi ndivyo vilivyompunguza. Watoto wale wale ambao hupiga miayo kwenye zoezi la ukubwa na udogo waliniambia nirudie, na nilipofika "kijitu kikachukua" wakawa wanaitikia wenyewe. Msichana mmoja akataka kujua kama mke naye anaweza kukua, na kabla sijajibu jirani yake akasema, "Jike." Darasa likaanguka. Ukinipa mtafsiri wa ngano za mzaha, ningemwomba aweke kando ile sentensi ya Kiingereza aliyong'ang'ania, aulize mahali pale Kiswahili kingecheka vipi.

Turudi kwa uji. Niliwahi kusoma matoleo kadhaa ya dubu watatu yanayojitahidi kuchekesha: Goldilocks kashtakiwa, Goldilocks ni mkaguzi wa vitanda, dubu mtoto ndiye aliyempanga. Hakuna hata moja lililojali uji. Basi nikampa mpwa wangu daftari, nikamwambia kama wamekosea, asahihishe yeye. Alikaa mezani nusu saa, ulimi nje, kisha akanisomea.

Dubu mama alipakua uji wake wa kwanza, kwa sababu alikuwa na njaa. Kabla hajakaa, akaitwa kutafuta soksi. Akarudi, akaitwa tena, taulo halionekani. Akarudi, akapakua wa mtoto, akaanza kumpulizia. Akapuliza, akapuliza, mpaka ukawa sawasawa. Wa baba ulipakuliwa mwisho kabisa, kwa kuwa baba alikuwa bado amelala. Ndipo wote wakatoka kutembea, na dubu mama hajaonja hata kijiko.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mama yake, yaani dada yangu, alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, nguo za kukunja mkononi. Yeye hakucheka. Alisema hiyo si hadithi ya kubuni, hiyo ni taarifa ya habari, kisha akaitwa chumba cha pili.