Anayepokea simu ya 115 si karani wa magari

Tangu Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua jijini Dodoma mpango wa kueneza nchi nzima m-mama, mfumo ambao mtu hupiga simu 115 na mpokea simu akatafuta usafiri, swali moja limekuwa likirudi kuhusu usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga: kwa nini fedha ziende kwenye vituo vya simu na kuwalipa madereva wa ngazi ya jamii, yaani wanakijiji wanaobeba wagonjwa kwa magari yao, ilhali magari ya wagonjwa hayatoshi?

Swali hilo lina uzito. Gari la mwanakijiji halina oksijeni, na masika yakishakata barabara, simu haiwezi kulivusha. Tena, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, mwaka ambao m-mama ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuenea, kwa hiyo si haki kuupa mfumo huu sifa ya mafanikio hayo.

Kosa la wanaosema magari kwanza ni kumwona mpokea simu kama karani wa kugawa magari. Hebu tumtazame kazini usiku wa manane, mkunga wa zahanati anapompigia akiwa amebana simu begani, mikono yote miwili ikiwa kwa mama aliyejifungua na damu haikomi. Ni lazima mpokea simu aulize presha na mapigo ya moyo, ajue kanga ngapi zimeloa, apime kama gari la wagonjwa litawahi au amwamshe dereva aliye karibu, kisha apige hospitali inayopokea kabla gari halijaondoka.

Simu hiyo ya mwisho ndiyo isiyohesabiwa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili hivi. Tuseme dereva ametumia nusu saa kufika zahanati, na safari ya hospitali ni saa nzima: imebaki nusu saa. Akipokelewa mahali ambapo damu ya kuongezewa haipo, au mtaalamu wa usingizi ndiyo kwanza anatafutwa nyumbani kwake, nusu saa hiyo inaishia kwenye benchi la mapokezi, na gari jipya lenye king'ora lisingembadilishia chochote. Bali aliyeuliza mapema, akaambiwa damu hakuna, akaelekeza gari kwingine, huyo amefanya uamuzi wa tiba, ingawa hakumgusa mgonjwa.

Ndiyo maana naona mjadala wa magari dhidi ya simu umewekwa vibaya. Magari yanunuliwe, hasa kwa wilaya ambazo barabara zake hazipitiki kwa gari dogo, na dereva wa jamii asiwe kisingizio cha kuahirisha ununuzi huo. Lakini kila gari linaloongezwa linahitaji mtu wa kuamua liende wapi na limbebe nani kwanza, simu mbili zinapoingia kwa pamoja. Mtu huyo anastahili kupangiwa zamu na kulipwa kama mtumishi wa afya, na asiachwe peke yake usiku kucha akiwa na simu mbili na gari moja.